Klabu za gofu England: Kwa nini wanachama walitangulia siku 50 zilipokwisha

ASUBUHI ya Jumatano, Mei 13, mwaka 2020, vilabu vya gofu vya England vilifungua tena mageti baada ya kufungwa kwa siku 50. Hakukuwa na sherehe. Majengo ya vilabu yalibaki yamefungwa, baa hazikuwa na wateja wa kukaa, na wachezaji walibadilisha viatu kwenye maegesho ya magari. Katika vilabu vingi, mgeni aliyetaka kucheza kwa kulipia siku hiyo moja aliambiwa asubiri. Aliyeruhusiwa kuingia ni mwanachama.

Kwa mfanyabiashara jambo hili linaleta swali. Biashara imekaa wiki saba bila mauzo. Siku ya kufungua inamrudisha mteja anayetaka kulipa leo na inampokea yule aliyekwisha kulipa zamani. Je, hiyo ni biashara au ni kujuana?

Hesabu zinaonyesha kuwa ilikuwa biashara. Mwanachama alitangulizwa kwa sababu yeye ndiye aliyebeba klabu wakati geti limefungwa, na ilikuwa lazima alipwe kabla hajaanza kuuliza fedha yake ilikwenda wapi. Hili ni somo linalomhusu kila mtu anayeuza huduma kwa malipo ya mbele, iwe ni mazoezi ya viungo, ada ya shule, king'amuzi cha televisheni au hisa katika chama cha ushirika.

Kufungwa kulivyokuwa

Usiku wa Machi 23, mwaka 2020, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, Boris Johnson, aliwatangazia wananchi amri ya kukaa nyumbani ili kupunguza kuenea kwa korona. Viwanja vya gofu vilifungwa mara moja. Mei 10 alitangaza kulegezwa kwa masharti, na siku tatu baadaye gofu ikaruhusiwa England. Wales ilifuata Mei 18, Ireland ya Kaskazini Mei 20 na Scotland Mei 29.

Tarehe ya kufungwa ilikuwa mbaya kibiashara. Vilabu vingi vya England hukusanya ada ya mwaka kuanzia Aprili 1. Hivyo ankara za mwaka mpya zilikuwa zimeshatumwa, au zilikuwa mezani tayari kutumwa, wakati geti linapigwa kufuli. Mwanachama aliombwa alipie mwaka mzima wa huduma ambayo hakuna aliyejua itaanza lini. Aidha, Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo hali ya hewa huanza kuwa nzuri na wageni huanza kumiminika. Klabu ilipoteza mwanzo wa msimu wa mavuno.

Gharama zisizosimama

Duka likifungwa, bidhaa zisizooza hukaa kwenye rafu. Uwanja wa gofu haukai. Katika majira ya machipuko nyasi za England huota kwa kasi, na nyasi laini zinazozunguka shimo zikiachwa wiki chache bila kukatwa huharibika, na kuzirudisha katika hali yake huchukua miezi. Kwa sababu hiyo watunza viwanja waliruhusiwa kuendelea na kazi za lazima, yaani kukata na kuulinda uwanja usife. Kazi za kuupamba ziliwekwa kando.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya gharama za klabu haitegemei idadi ya wachezaji. Mashine za kukatia nyasi zilizochukuliwa kwa mkopo zina marejesho ya kila mwezi. Bima ya jengo inalipwa, ardhi ya kukodi ina pango, na mtunza uwanja mkuu anatakiwa kazini. Wahasibu huziita gharama hizi gharama za kudumu, na biashara yenye gharama nyingi za aina hii huumia haraka mauzo yanaposimama.

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufikirika na si za klabu yoyote. Klabu ina wanachama 500, na kila mmoja analipa pauni 1,000 kwa mwaka. Hiyo ni pauni 500,000. Wageni wa siku huleta pauni 120,000, na baa pamoja na chakula huacha pauni 80,000. Jumla ya mapato ni pauni 700,000 na matumizi ni pauni 690,000. Klabu inaishi, lakini haina mafuta mengi mwilini.

Sasa geti linafungwa kwa siku 50. Matumizi ya kawaida ya siku hizo ni kiasi cha pauni 94,500. Tuseme klabu inaokoa pauni 28,500 kwa msaada wa mishahara kutoka serikalini na kwa kutonunua mafuta na bidhaa za baa. Zinabaki pauni 66,000 ambazo ni lazima zilipwe. Wageni hawapo na baa haipo. Kilichobaki ni ada ya wanachama, ambayo sehemu yake kwa siku 50 ni kiasi cha pauni 68,500.

Msomaji atazame namba hizo mbili tena. Ada inatosha kufunika gharama, na kinachobaki ni pauni 2,500. Lakini kila mwanachama akidai arudishiwe siku zake 50, ambazo ni takriban pauni 137 kwa mtu, klabu inabaki na deni lote la pauni 66,000. Kwa hiyo uhai wa klabu ulikuwa mikononi mwa wanachama, na ulitegemea kama wangedai pauni 137 au wangeziacha.

Mwenye klabu ni nani?

Jibu la dai hilo linategemea aina ya klabu. Uingereza ina aina mbili kubwa. Ya kwanza ni klabu inayomilikiwa na wanachama wenyewe, ambayo haigawi faida. Ya pili ni klabu ya mwekezaji, mtu au kampuni, ambaye huuza uanachama kama anavyoweza kuuza bidhaa nyingine.

Sheria za kodi zinatofautisha aina hizi. Ada ya uanachama katika klabu isiyogawa faida imesamehewa kodi ya ongezeko la thamani, VAT. Klabu ya mwekezaji hutoza VAT ya asilimia 20 juu ya ada yake. Desemba 19, mwaka 2013, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua katika shauri la klabu ya Bridport and West Dorset kwamba hata ada ya mgeni wa siku katika klabu isiyogawa faida inastahili msamaha huo.

Kwa upande wa kodi ya faida, msimamo ni wa zamani zaidi. Watu wakichanga fedha kwa ajili ya matumizi yao wenyewe, ziada inayobaki haihesabiwi kuwa faida, kwa sababu mtu hawezi kufanya biashara na nafsi yake. Lakini fedha za wageni ni biashara. Hilo liliamuliwa mwaka 1913 katika kesi ya klabu ya Carlisle and Silloth, ambapo mapato kutoka kwa wageni yalionekana kuwa ya kutozwa kodi. Ni kanuni ambayo mwanachama yeyote wa upatu ataielewa bila kufundishwa. Mchango wenu ni wenu, na mnachomuuzia jirani ni biashara.

Tofauti hii ndiyo iliyotenganisha madai ya mwaka 2020. Aprili 30 mwaka huo mamlaka inayosimamia ushindani na masoko nchini humo, CMA, ilitoa msimamo kwamba kwa kawaida mlaji aliyelipia huduma ambayo haikutolewa kwa sababu ya amri za korona anastahili kurudishiwa fedha. Kwa klabu ya mwekezaji, msimamo huo ulikuwa na uzito. Mwanachama pale ni mteja, na hatari ya biashara ni ya mwenye mali.

Katika klabu ya wanachama, mdai na mdaiwa ni watu wale wale. Kudai pauni 137 ni kuzitoa mfuko wa kulia na kuziweka wa kushoto, huku mtunza uwanja akisubiri mshahara. Klabu ikipungukiwa, kamati itarudi kwa wanachama hao hao kuomba mchango wa ziada, au itapandisha ada mwaka unaofuata. Ndiyo sababu vilabu vingi vya aina hii havikurudisha fedha taslimu. Vingine viliongeza muda wa uanachama mbele, vingine viliweka salio kwenye kadi ya mwanachama la kutumia baa itakapofunguliwa, na vingine viliruhusu ada ilipwe kwa awamu.

Njia hizo hazilingani kihasibu, na ni vizuri mfanyabiashara azitofautishe. Kuongeza muda hakuchukui fedha leo, lakini kunapunguza makusanyo ya mwaka unaofuata. Salio la baa ni nafuu zaidi, kwa sababu klabu inalipa deni kwa bei ya kuuzia huku yenyewe ikigharimia bei ya kununulia. Malipo kwa awamu hayapunguzi deni la mwanachama, ila yanaweza kuiacha klabu bila fedha mkononi katika mwezi ambao inazihitaji kuliko mingine yote.

Kwa nini mgeni alisubiri

Sasa turudi kwenye geti la Mei 13. Masharti ya kufungua yalikuwa magumu. Watu wa kaya tofauti waliruhusiwa kucheza wawili wawili tu, wakiwa wametengana mita mbili. Bendera kwenye shimo haikuguswa, reki za kusawazisha mchanga ziliondolewa, na nafasi ya kuanza mchezo ilibidi iwekwe mapema.

Tuhesabu uwezo wa uwanja. Ukifungua saa 12 asubuhi na kuruhusu kundi moja kila dakika 10 hadi saa 12 jioni, una nafasi 72 za kuanza. Kwa kawaida kila kundi huweza kuwa na watu wanne, yaani watu 288 kwa siku. Kwa utaratibu wa wawili wawili wanabaki 144. Kwa wiki ni watu 1,008. Klabu yetu ya mfano ina wanachama 500, ambao wamekaa ndani wiki saba na wana hamu. Kila mmoja akicheza mara mbili kwa wiki, uwanja umejaa.

Katika hali hiyo, nafasi moja inayouzwa kwa mgeni ni nafasi moja anayonyimwa mwanachama. Tuseme mgeni analipa pauni 40. Mwanachama aliyelipa pauni 1,000 Aprili, akaacha kudai pauni 137, akikosa nafasi kwa sababu ya pauni 40 za mgeni, mwaka unaofuata hatalipa. Klabu itakuwa imeuza 1,000 kwa 40.

Ndiyo maana tunasema lilikuwa gawio. Kampuni hulipa gawio kwa wenye hisa kwa sababu wao ndio walioweka mtaji na kubeba hatari. Klabu haikuwa na fedha za kugawa. Kitu pekee cha thamani ilichokuwa nacho Mei 13 kilikuwa nafasi 72 za kuanza mchezo, na iliwagawia waliobeba hatari. Ilipofika Juni 1, watu hadi sita waliruhusiwa kukutana nje, makundi ya wanne yakarudi uwanjani, uwezo ukawa maradufu na nafasi za wageni zikaanza kupatikana. Majengo ya vilabu yalifuata Julai 4, siku ambayo baa na migahawa ya England iliruhusiwa kufunguliwa.

Hata hivyo, si kila uwanja ulifuata njia hiyo. Viwanja vinavyoishi kwa wateja wa siku, ambavyo havina wanachama wengi, viliwafungulia wote tangu mwanzo. Navyo vilikuwa sahihi, kwa sababu mtu aliyevibeba ni mwekezaji na kilichomfaa ni mauzo.

Msaada wa serikali na kesi ya bima

Serikali ya Uingereza ililipa hadi asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyesimamishwa kwa muda, kwa kikomo cha pauni 2,500 kwa mwezi. Kwa mwaka wa fedha 2020/21 biashara za rejareja, ukarimu na burudani zilisamehewa kodi ya majengo ya biashara. Mei 4, mwaka 2020, ulianza pia mkopo wa kati ya pauni 2,000 na 50,000, ukiwa na dhamana kamili ya serikali, ambao mkopaji hakulipia riba miezi 12 ya kwanza na baadaye riba yake ilikuwa asilimia 2.5.

Kulikuwa pia na ruzuku ya pauni 25,000, lakini ilikuwa na mpaka. Biashara ambayo thamani ya pango la jengo lake, inayotumika kukokotoa kodi, ilifika pauni 51,000, haikupata ruzuku hiyo. Hapa aliyekuwa juu kidogo ya mstari aliumia kuliko aliyekuwa chini yake kidogo, na klabu yenye eneo kubwa haikuwa lazima iwe klabu yenye fedha.

Bima ilichukua muda zaidi. Wafanyabiashara wengi walidhani hati ya bima ya kusimama kwa biashara ingewalipa, na kampuni za bima zikabisha. Mamlaka ya usimamizi wa huduma za fedha ilipeleka mahakamani hati za mfano, na Januari 15, mwaka 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwa sehemu kubwa upande wa waliokata bima. Lakini kila dai lilitegemea maneno ya kifungu, hasa vile vya magonjwa na vya kuzuiwa kutumia jengo. Wawili waliolipa kiasi kile kile cha bima wangeweza kupata majibu mawili tofauti.

Baada ya geti kufunguliwa

Matokeo yaliwashangaza wengi. Kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya korona, vilabu vya England vilikuwa vikipoteza wanachama. Mwaka 2020, wakati michezo ya ndani imefungwa na watu wakifanyia kazi nyumbani, gofu ilikuwa miongoni mwa michezo michache iliyoruhusiwa. Taasisi ya R&A, inayosimamia mchezo huo katika sehemu kubwa ya dunia, ilitangaza kwamba watu wazima milioni 5.2 walicheza katika viwanja kamili vya Great Britain mwaka huo, ongezeko la milioni 2.1 juu ya mwaka 2019. Vilabu vilivyokuwa vimefuta kiingilio ili kuvutia watu vilianza kukitoza tena, na vingine vikaweka orodha ya wanaosubiri.

Wanachama wapya walijifunza haraka ladha ya kufungwa. Viwanja vya England vilifungwa tena Novemba 5 hadi Desemba 2, mwaka 2020, kisha Januari 2021 hadi Machi 29. Ukijumlisha vipindi vyote vitatu, ni karibu wiki 23 katika kipindi cha takriban mwaka mmoja. Scotland, kwa kulinganisha, iliacha viwanja vyake wazi majira hayo ya baridi kwa masharti. Hivyo mwanachama wa Scotland na wa England, kila mmoja akilipa ada ya mwaka, hawakununua kitu kile kile.

Wenye hisa katika kampuni za vifaa nao waliona mabadiliko. Acushnet, yenye chapa za Titleist na FootJoy na inayouzwa katika soko la hisa la New York, iliuza bidhaa za dola bilioni 1.68 mwaka 2019. Mwaka 2020 mauzo yalishuka hadi dola bilioni 1.61, na mwaka 2021 yakapanda hadi bilioni 2.15, ongezeko la asilimia 33. Mwekezaji aliyetazama mageti yaliyofungwa Aprili 2020 na kuuza hisa zake kwa hofu hakuwa na njia ya kuyajua hayo. Lakini angeweza kujiuliza swali moja: je, wateja wameacha kuupenda mchezo, au wamezuiwa tu kuucheza? Mahitaji yaliyokufa na mahitaji yaliyofungiwa huonekana sawa katika hesabu za mwezi mmoja.

La kufanyia kazi

Afrika Mashariki ina vilabu vya aina hii hii, vingine vya tangu enzi za ukoloni, kama Royal Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1906. Lakini somo halikomei kwenye gofu. Yeyote anayepokea fedha kabla ya kutoa huduma ana mambo matatu ya kupima.

Kwanza, ajue gharama zake za siku moja akiwa amefunga. Asiyeijua namba hiyo hawezi kujua akiba yake ni ya siku ngapi.

Pili, aandike mapema katika masharti yake nini kitatokea huduma ikisimama kwa sababu iliyo nje ya uwezo wake. Vilabu vilivyokuwa na kifungu hicho viliwaonyesha wanachama karatasi. Visivyokuwa nacho viliingia kwenye mabishano wakati havina fedha wala muda.

Tatu, siku ya kufungua aanze na waliomvusha. Mgeni mwenye fedha mkononi anavutia, hasa kwa mtu aliyekaa wiki saba bila kuuza. Lakini mgeni hana sababu ya kulipa geti likifungwa tena, na England lilifungwa tena mara mbili ndani ya mwaka mmoja.